Mwaka Ilipobaki Chemchemi Moja

Kazi ya kwanza niliyopewa katika nyumba ya yule mzee kule Arlington ilikuwa kuimwagilia maji. Sisemi bustani, nasema nyumba. Binti yake, aliyekuwa akinikabidhi dawa na funguo kabla ya kurudi kwake Houston, alinionyesha mpira mweusi wenye vitundu vidogo vidogo uliozungushwa kando ya kuta zote, akaniambia niufungulie kila Jumanne na Jumamosi asubuhi. Udongo wa huku ni wa mfinyanzi, akasema. Ukikauka unasinyaa, na ukisinyaa msingi unapasuka na milango inakataa kufunga. Nikaitikia kwa adabu zote. Mimi ni Mgogo wa Dodoma. Nimekua nikichota maji kwa kata kutoka shimo la mchangani, nikisubiri yajikusanye tena ndipo nichote kata ya pili, na sasa nimevuka bahari kuja kunywesha matofali.

Siku hiyo hiyo nikampigia simu mtani wangu. Yeye ni Mnyamwezi wa Tabora, anaishi Stafford, karibu na Houston, na anaendesha lori la mizigo. Alicheka mpaka akalazimika kuegesha pembeni.

"Mgogo anamwagilia nyumba!" akasema. "Nyie mliowatoza babu zetu kitambaa kizima kwa kibuyu kimoja cha maji! Nita-record hii simu niwatumie Tabora waisikie."

"Endesha gari, mpagazi wewe," nikamjibu. "Babu yako alibeba mizigo kichwani, wewe unaibeba kwa magurudumu kumi na manane. Maendeleo yenu ndiyo hayo."

Sisi wawili tumeishi hivyo tangu tulipokutana kwenye harusi moja hapa Texas, miaka ishirini sasa. Mgogo na Mnyamwezi ni watani, na mtani hakasiriki. Babu yangu alinieleza asili yake nikiwa mdogo. Misafara ya Wanyamwezi ilikuwa lazima ipite Ugogo kwenda pwani, na Ugogo maji ni ya kutafuta. Kwa hiyo watemi wetu walitoza hongo, ushuru wa njia wa siku zile, kabla mgeni hajatia kibuyu chake kisimani. Mwaka wa mvua nzuri hongo ilikuwa ndogo, watu wakacheza ngoma pamoja. Mwaka wa ukame walipigana. Baadaye ikaja sotoka ikamaliza ng'ombe, mvua ikagoma, na Wajerumani wakatukuta tumelala chini. Hawakuhitaji nguvu nyingi kutufunga kamba. Babu alikuwa akifika hapo anatema mate pembeni na kubadilisha mazungumzo.

Mzee wa Arlington alikuwa na miaka tisini na moja. Alikuwa mgane, mrefu, amepinda kama ndoana, na macho yake yalikuwa yamebaki kuona vivuli tu. Lakini masikio! Masikio yake yangeweza kuajiriwa polisi. Kiangazi kile jiji lilikuwa limepanga siku za kumwagilia majani, na yeye aliketi kwenye kiti chake karibu na dirisha akiwasikiliza majirani.

"Huyo ni wa kona," alikuwa akisema. "Leo si siku yake. Mwizi."

"Mzee, na sisi tumetoka kumwagilia nyumba."

"Nyumba ni jambo jingine. Nyumba ni lazima."

Nilimwita Mzee tangu siku ya kwanza, maana kumwita mtu wa umri ule kwa jina lake kungenikaba kooni. Aliniuliza maana yake nikamwambia ni mtu wa kuheshimiwa. Siku mtani wangu alipozungumza naye kwa simu, alimwambia maana yake ni mtu aliyechakaa. Mzee akanishtaki kwangu mwenyewe kwa wiki nzima. Nilimwambia sote wawili tulisema kweli.

Jioni, kabla jua halijazama, kazi yangu ilikuwa kumsomea. Hakutaka magazeti wala Biblia. Alitaka daftari la baba wa babu yake, aliyekuja Texas ya magharibi na mkokoteni, mke, mdogo wake wa kiume na ng'ombe arobaini. Dada yake Mzee, ambaye ni marehemu, alikuwa amelipiga taipu daftari lote miaka mingi nyuma, na nakala ile ndiyo niliyoisoma. Mzee aliijua karibu yote kwa moyo. Nikiruka neno, anagonga mkono wa kiti.

Nilitegemea kusoma habari za ushujaa. Nikakuta mtu anayeandika mvua. Leo mawingu upande wa kusini, hayakufanya kitu. Leo matone, hayakulowesha hata kofia. Leo upepo. Leo ng'ombe mmoja amefia kwenye tope la kijito. Nilianza kumpenda yule bwana bila kutaka, kwa sababu ndivyo wazee wa kwetu wanavyozungumza kuanzia mwezi wa kumi mpaka wa kumi na mbili, shingo juu, hawasikii hata wakiitwa kula.

"Babu yako alikuwa Mgogo," nikamwambia Mzee.

"Alikuwa nani?"

"Mtu wa kutazama mawingu na kulalamika."

"Basi alikuwa Mgogo," akakubali, bila kujua amekubali nini.

Miaka ya mwanzo katika daftari ilikuwa ya mvua. Majani yalifika kwenye tumbo la farasi, akaandika, na barua zilikwenda kwao mashariki kuwaita wengine waje, nchi ni tele. Wakaja, wakajenga kando ya kila kijito. Halafu mvua ikakata, mwaka wa kwanza na wa pili. Na hapo ndipo palikuwa na hadithi kubwa ya ukoo wao, ambayo Mzee hakuhitaji nimsomee. Aliisimulia mwenyewe, kwa sauti ya mtu aliyeisimulia kila sikukuu ya familia: kwamba siku moja, bila sababu yoyote, Wakomanche walivamia, wakachukua farasi wote na kumuua mdogo wake babu karibu na chemchemi.

"Bila sababu yoyote," alikuwa akirudia, kidole juu.

Sasa, kila Jumatano alikuja muuguzi kumfunga Mzee kidonda cha mguu kilichokataa kupona. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mnene kidogo kama mimi, mcheshi, mwenye mikono myepesi. Nilikuwa nikimsindikiza hadi kwenye gari lake, na siku moja nikamuuliza kwao ni wapi, kama tunavyoulizana sisi. Akasema Lawton, Oklahoma. Nikasema lakini watu wako? Akacheka. "Mimi ni Mkomanche," akasema. Nikamwambia shuleni kwetu tulifundishwa kuwaita Wahindi Wekundu. Akautazama mkono wake, akautazama wangu, akasema, "Mwalimu wenu alikuwa na matatizo ya rangi."

Mzee hakujua, na mimi sikuwa na ruhusa ya kumwambia. Kwa hiyo nikawa nakaa pale sebuleni kila Jumatano nikiwa na jasho, huku Mzee akimsimulia yule muuguzi jinsi Wakomanche walivyokuwa watu wabaya, na yeye amepiga magoti mbele yake akimsafisha kidonda.

"Inauma?" alikuwa akimuuliza.

"Kidogo."

"Pole. Endelea, ulikuwa umefika kwenye farasi."

Nilimuuliza nje kama haimchomi. Akasema amefunga vidonda vya wazee wengi wa Texas, na karibu kila mmoja ana babu aliyevamiwa bila sababu yoyote. "Ninge-charge kwa kila babu," akasema, "ningekuwa nimestaafu."

Mwezi wa nane joto lilizidi, na nadhani lilinifanya niwe mkorofi, kwa sababu siku moja nikasoma tarehe za ile nakala kwa makini. Yule bwana hakukosa kuandika hata siku moja, hata alipokuwa na homa. Lakini kabla tu ya uvamizi palikuwa na pengo. Ukurasa mmoja ng'ombe wanakohoa vumbi. Ukurasa unaofuata ni siku kumi mbele na mdogo wake ameshazikwa.

"Mzee, hapa siku kumi ziko wapi?"

"Dada yangu alichoka," akasema. "Kupiga taipu ni kazi."

"Daftari lenyewe lipo?"

Akasema lipo chini ya kitanda chake kwenye sanduku la bati, na kwamba halisomeki. Nikaenda kulitoa. Alisema kweli kuhusu mwandiko. Ulikuwa kama njia za mchwa. Lakini nimesoma maandishi ya madaktari maisha yangu yote, na kwa msaada wa lenzi ya Mzee mwenyewe nilikaa jikoni alasiri nzima alipokuwa amelala, nikazipata zile siku kumi. Zilikuwepo zote. Hakuna aliyezichana.

Aliandika kwamba vijito vyote vimekufa na imebaki chemchemi moja, ile iliyo chini ya mwamba, na kwamba yeye na mdogo wake wameizungushia uzio wa magogo kwa ajili ya ng'ombe wao. Aliandika kwamba asubuhi moja wamekuja watu wa asili, wanaume wachache, wanawake na watoto wengi, na farasi waliokonda mpaka mbavu zinahesabika. Mwanaume mmoja alionyesha kwa mikono ishara ya kunywa. Ilionekana wanaijua chemchemi ile, maana walikuja moja kwa moja bila kutafuta. Yeye na mdogo wake walisimama na bunduki wakawaonyesha upande wa mto mkubwa, mwendo wa siku nzima. Wakasimama pale muda mrefu. Mtoto mmoja, akaandika, alikuwa na umri wa mwanawe. Kisha wakaondoka. Mstari unaofuata anasema ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Siku mbili baadaye farasi walikuwa wameondoka na mdogo wake amelala kwenye uzio, amekufa.

Nikafunga daftari nikatoka nje kwenye lile joto, nikampigia mtani.

Nilitegemea utani. Alisikiliza mpaka mwisho, nikasikia akizima redio ya lori.

"Msomee," akasema.

"Ana miaka tisini na moja. Nimpe mzigo wa nini?"

"Mtani, ngoja nikwambie kitu ambacho sijawahi kukwambia." Akakohoa. "Mdogo wake babu mzaa baba yangu alikufa Ugogo. Walifika mwaka wa njaa, mtemi wenu amefunika visima kwa miiba. Walikaa siku mbili wakijadiliana hongo. Yule kijana hakuzimaliza. Basi wenzake wakaivamia ile miiba, wakaua watu wawili wa kwenu, wakanywa, wakaondoka. Kwetu tunasimulia kuhusu yule kijana. Wale wawili hatuwataji."

Kwetu, nikafikiri, lazima kuna mtu anayesimulia kuhusu wale wawili, na hamtaji yule kijana.

"Miaka ishirini hukuniambia?"

"Ungenipikia tena ugali wa uwele?" akasema. Halafu kwa upole: "Msomee. Lakini soma ukiwa umekaa chini, usisome umesimama."

Nilimwelewa. Jioni ile nilivuta kigoda karibu na kiti cha Mzee, nikakaa chini kuliko yeye, nikamwambia nimezipata siku kumi. Kwanza nikamsimulia visima vya kwetu na miiba yake. Nilitaka ajue anasomewa na mjukuu wa watu walionyima maji. Kisha nikasoma polepole.

Hakugonga mkono wa kiti hata mara moja. Nilipomaliza, mashine ya jirani ilikuwa ikinyunyiza nje, na hakusema ni ya nani.

"Wangeikausha," akasema hatimaye. "Watu wote wale na farasi. Ng'ombe wangekufa."

"Labda."

"Ilikuwa ng'ombe au wao."

"Ndivyo mtemi wetu alivyosema pia."

"Walimuua mdogo wake!"

"Walimuua, Mzee. Imeandikwa, sijaificha."

Akaniambia niende nikauhamishe mpira wa maji. Haikuwa Jumanne wala Jumamosi. Nikaenda, nikasimama nje nikiwa nimeushika tu, maana nilijua alitaka niondoke. Niliporudi alikuwa amefunika uso kwa leso. Akauliza: "Dada yangu alizisoma hizi?" Nikasema sijui. Lakini sote tulijua. Mtu hachoki siku kumi kamili.

Jumatano muuguzi alikuja. Mzee alimwacha afungue bandeji, kisha akamuuliza kwa sauti ya kuhoji shahidi: "Wewe kwenu ni wapi?"

"Lawton."

"Na kabla ya hapo?"

Yule mwanamke alinitazama. Nikainua mabega kumwonyesha kwamba si mimi niliyesema. "Kabla ya hapo," akasema, "hapa."

Mzee alifikiri. Nilihesabu kichwani miezi yote aliyokuwa akimsimulia hadithi zake, na nikaona uso wake ukihesabu hivyo hivyo.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unasimulia vizuri. Sikutaka kukukatiza."

Sijawahi kumwona mtu wa umri ule akiwa mwekundu hadi kwenye masikio. Akaniambia nilete daftari nimsomee muuguzi. Muuguzi akasema hapana, atasoma mwenyewe, akimaliza kazi. Akamaliza, akanawa mikono, akavaa miwani, akakaa mezani na lenzi. Alichukua muda mrefu kuliko mimi. Tulimsubiri kama watu wanaosubiri majibu ya hospitali.

"Ameandika zaidi kuhusu ng'ombe kuliko kuhusu watu," akasema.

"Alikuwa mfugaji," Mzee akajitetea.

"Nimeona." Akavua miwani. Akatuambia ana shangazi ambaye amekuwa akikusanya maneno ya wazee wao. Shangazi yake husema mwaka wa ukame nyati walihama, farasi wakakosa majani, na watu wakarudi kwenye chemchemi walizozijua tangu zamani, wakazikuta kila moja ina nyumba juu yake. Chakula ambacho serikali iliahidi kuwapa hakikufika. "Lakini usidhani tulikuwa malaika," akaongeza, akimwelekea Mzee. "Tulivamia hata miaka ya mvua. Farasi aliyeshiba anakwenda mbali zaidi. Shangazi yangu hapendi nikisema hivyo."

"Kwa hiyo babu yangu hakukosea kabisa," Mzee akasema kwa matumaini.

"Alikosea kabisa siku ile," akasema muuguzi. "Siku nyingine sijui." Kisha akaomba kurasa zile azipige picha ampelekee shangazi, na Mzee akasema apige zote, hata ya ndama.

Ndipo Mzee akashikwa na wazo la kwenda kuiona chemchemi. Hakuwahi kufika. Shamba liliuzwa kabla hajazaliwa, na liko mwendo wa saa tatu magharibi ya Fort Worth. Alimwalika muuguzi rasmi, kama anayemwalika balozi. Muuguzi akasema asante, lakini Jumamosi anafua nguo. Mzee alisononeka; nadhani alitaka awepo ili ajue afanye uso gani. Nje, muuguzi aliniambia: "Nikienda, atataka nimwambie kitu. Aende akaone kwanza."

Mtani wangu alitoka Stafford alfajiri, akafika na gari lake dogo, amevaa kofia ya pama kubwa ambayo Mzee, hata kwa vivuli, aliishuku. Njia nzima walibishana. Mtani alimweleza hongo, na kwamba kwa kuwa yeye ni mtu wa misafara na Mzee ni mtoto wa wenye chemchemi, basi na Mzee ni mtani wake sasa, hana ruhusa ya kukasirika.

"Nani aliamua hivyo?" Mzee akauliza.

"Ukame," akasema mtani.

Mwenye shamba wa sasa, mwanamke mpole aliyeridhia kwa simu, alitufungulia geti na kutuelekeza. Majani yote yalikuwa rangi ya mkate. Kulikuwa na pampu ya upepo isiyozunguka, birika la saruji la kunyweshea ng'ombe, na bomba la plastiki lililotoka kwenye kisima cha umeme. Mwamba ulikuwepo. Tulimshika Mzee huku na huku tukamshusha taratibu.

"Iko wapi?" akauliza.

"Umeifikia," nikamwambia. "Iko miguuni pako."

Ilikuwa shimo kwenye jiwe, kavu, lenye majani makavu na mfupa wa ndege. Kwenye ukuta wake palikuwa na mstari wa kijivu ulioonyesha maji yalikuwa yakifika wapi. Mzee aliinama kadiri alivyoweza, akalipima kwa fimbo yake, upande huu mpaka upande ule. Akapima tena.

"Ni kubwa kama beseni la kuogea," akasema.

"Kubwa kidogo," mtani akasema.

"Maisha yangu yote niliiona akilini kama ziwa." Alibaki anaigonga fimbo kwenye jiwe. "Kwenye hadithi ilikuwa ziwa."

Hakuna aliyetania. Mtani alimpa chupa ya maji, akanywa nusu, akamrudishia, naye mtani akanywa iliyobaki. Mzee akasema jina la yule mdogo wake babu aliyefia pale. Kisha akauliza kama wale watoto walifika mtoni. Nikamwambia daftari halisemi. Akasema ndiyo, asingejua. Tukapanda taratibu tukarudi, na mpaka Fort Worth hakubishana na mtu.

Wiki iliyofuata alinikalisha kwenye kompyuta, nikazipiga zile siku kumi kwa vidole viwili, yeye akisimamia kila nukta kwa masikio. Nikazitia mahali pake kwenye ile nakala, na nakala nyingine zikatumwa kwa wajukuu. Binti yake alipiga simu kutoka Houston, amekasirika. Alitaka kujua nani amemwekea baba yake mambo haya kichwani. Mzee akamwambia ni baba wa babu yake. Binti alikaa mwezi mzima bila kuniita kwa jina langu. Baadaye akaniomba nakala nyingine kwa ajili ya mwanawe wa kiume, kwa sauti ya kawaida, na hatukuzungumza zaidi.

Jibu la shangazi wa Lawton lilikawia. Hatimaye muuguzi alikuja na ujumbe, amejizuia kucheka. Shangazi alisema amesoma. Alisema watu wake wana hadithi nyingi za kunyimwa maji, hawezi kuapa kwamba hii ni mojawapo. Lakini kama mwamba uko pale Mzee anapopasema, basi huenda ni mahali palipokuwa na jina, na jina lenyewe ni hili. Muuguzi akalitamka. Mzee akalijaribu.

"Hapana," akasema muuguzi. "Hiyo umesema kitu kuhusu mkia."

Akajaribu tena. Nikajaribu na mimi, nikaambiwa mimi angalau sijamtukana mtu. Ikawa mchezo wa kila Jumatano: bandeji, kisha jina.

Kabla ya Krismasi mguu ulizidi, na binti yake akamhamishia kwake, Houston. Mimi nikapata kazi Plano, kwa bibi ambaye anamwagilia maua tu, kama watu wengine. Mtani hupita kwa Mzee Jumapili akiwa hana safari, maana toka Stafford si mbali. Anasema Mzee hana raha na mvua za Houston. Mwezi wa tano maji yalifika barazani, akakaa dirishani akiyasikiliza, na kwa mara ya kwanza hakuwa na jirani wa kushtaki.

Wiki iliyopita Mzee alinitumia ujumbe wa sauti. Mvua ilikuwa kubwa nyuma yake, ikigonga bati la gereji, karibu nisimsikie. Alikuwa akilitamka lile jina, mara tatu, polepole, na katikati mtani wangu anacheka. Nikaupeleka kwa muuguzi. Alijibu baada ya saa moja.

"Ya pili," akaandika, "imekaribia. Mwambie aendelee."